Jinsi Marlena Hudak Alivyopandishwa Mshahara kwa Bahati Mbaya

Watu wa Steadman, mji mdogo ulio kando ya Mto Ohio, wana ugonjwa mmoja usio na dawa: kushtukizana. Mtu akitimiza miaka arobaini hawawezi kumtakia heri kama binadamu. Sharti wazime taa, wajifiche nyuma ya makochi, kisha wamrukie kwa makelele mpaka roho imtoke. Mzee mmoja wa Mtaa wa Pili alishtukizwa hivyo akaishia hospitali, na siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani wakamshtukiza tena, eti kusherehekea kupona.

Kwa hiyo Marlena Hudak angepaswa kunusa hatari Jumatatu ile alipoitwa kwenye chumba cha mapumziko cha supamaketi akakuta giza. Tena ilikuwepo dalili nyingine. Marlena ndiye mpambaji keki wa duka, na hakuna mkono kama wake katika bonde lote. Harusi za huko hazina maana bila meza ndefu ya biskuti, na meza isiyo na biskuti za Marlena watu huipita kama msiba. Jumamosi iliyotangulia meneja, Gary Whitcomb, alimwagiza keki moja ya chokoleti yenye neno HONGERA, akamwambia pa jina apaache wazi. "Jina nitaandika mwenyewe," alisema, huku akijiumauma midomo asicheke.

Taa zikawaka. Maputo, filimbi, wafanyakazi wote, na ile keki, na juu yake jina la Marlena kwa mwandiko wa Gary, uliofanana na njia ya konokono mlevi.

"Marlena!" Gary alipaza sauti. "Kuanzia wiki hii wewe ndiye mkuu wa idara ya keki na mikate! Na mshahara umepanda dola moja kwa saa! Makao makuu wameshapitisha, huna haja ya kusaini chochote!"

Watu wakapiga makofi. Marlena akaangua kilio.

"Mwone, masikini, furaha imemzidi," akasema mtu wa mbogamboga.

Haikuwa furaha. Marlena alikuwa anamlilia Josie.

Josie ni binti yake, miaka mitatu, ana sauti kubwa na huogopa mashine ya kukaushia mikono. Baba yake alikwenda Texas kutafuta kazi ya mafuta, na inaonekana bado anaitafuta. Mama yake Marlena mwenyewe yuko kazini mchana kutwa kama watu wengine. Basi Josie hushinda kwa Bi Lorraine, kwenye kituo cha kulea watoto nyuma ya kanisa, na sehemu kubwa ya ada hulipwa na serikali. Hulipwa kwa sababu Marlena yuko chini ya mstari.

Mstari ni huu. Kaunti inatazama mshahara wako kabla haujakatwa hata kodi. Kama wewe na mtoto wako mmoja mko chini ya kiasi fulani, unasaidiwa. Ukivuka, hata kwa bei ya soseji, huna lako. Marlena alikuwa akiishi chini ya mstari ule kama mtu mrefu anavyoishi kwenye nyumba ya dari fupi. Alikataa ovataimu za Krismasi. Alikataa zamu za Jumapili. Wenzake walidhani ana dini sana. Na sasa Gary, kwa mapenzi yake yote na maputo yake, amemsukuma juu. Nyongeza ingemletea kama dola mia na sabini kwa mwezi, na ingemnyang'anya zaidi ya mia nane. Bila ada hakuna Bi Lorraine, na bila Bi Lorraine Marlena angeenda kazini na Josie mgongoni, jambo ambalo supamaketi za nchi ile hazijalifikia.

Mchana, akiwa ndani ya gari lake, akapiga simu ofisi ya kaunti. Akasikilizishwa kinanda cha kusubirishia watu mpaka akaota ndevu za rohoni. Hatimaye mwanamke akapokea.

"Umepandishwa mshahara? Hongera, mama!"

"Usinipongeze, tafadhali. Niambie nimevuka au sijavuka."

Vidole vikasikika vikigonga. "Umevuka. Kidogo tu."

"Si kidogo tu hicho? Mnisamehe."

"Kompyuta haina kidogo, mama. Ina ndani na nje."

"Na nikiikataa hiyo nyongeza?"

"Hilo sijawahi kuulizwa. Subiri nimuulize msimamizi." Kinanda kikarudi, kikaondoka. "Anasema kama kwenye karatasi ya mshahara imo, basi imo. Mapitio yako ya mwaka ni mwezi ujao. Ukionekana umevuka tunakupa miezi mitatu ya kujipanga, halafu basi."

"Nijipange vipi? Nimfundishe mtoto wa miaka mitatu kujipikia?"

Sauti ya yule mwanamke ikashuka, kama mtu aliyeinama chini ya meza. "Mimi mwenyewe nilivuka mwaka juzi, dada. Mwanangu anashinda kwa shangazi yangu anayevuta sigara kama tanuri." Kisha ikapanda tena, safi kabisa. "Kuna jambo jingine naweza kukusaidia leo?"

Hakukuwa na jingine. Kesho yake Marlena akaenda kugonga mlango wa Gary.

Hapa sharti niseme jambo kuhusu watu wangu wa Steadman. Watakueleza habari za bawasiri zao, za operesheni ya nyongo, za mume aliyetoroka na mwalimu wa kwaya. Watakueleza mbele ya kaunta ya nyama ya kusaga na hujawauliza. Lakini mshahara wao hawautaji hata kwa kasisi. Na kusema kwamba serikali inakulipia mtoto, hilo ndilo la aibu kuliko bawasiri zote. Marlena alilelewa hivyo. Basi akaingia kwa Gary akiwa na ombi mkononi na sababu kaificha mgongoni.

"Gary, naomba uirudishe ile nyongeza."

"Niirudishe wapi?"

"Ilikotoka. Nashukuru sana, lakini siitaki. Na cheo pia."

Gary akaegemea kiti, akamtazama kwa jicho la mtu aliyecheza karata miaka mingi. "Ni wale wa duka la ng'ambo ya daraja, sivyo? Wamekuahidi nini?"

"Hakuna aliyeniahidi kitu. Siitaki tu."

"Siitaki tu!" Gary akacheka, akaipiga meza kofi. "Wewe mtoto wa Hudak, ulijifunzia wapi biashara? Umekaa kimya miaka yote, kumbe simba mwenda kimya. Haya, nimekuelewa. Niachie mimi."

Kufikia Alhamisi alikuwa amewapigia makao makuu, akawabembeleza, akawatisha, akarudi na nusu dola zaidi juu ya ile dola. Safari hii hakukuwa na maputo, ila alimkonyeza kila walipopishana.

"Mwanangu," akasema Denise Fusco, mama wa makamo aliyeuza mikate kaunta ya pembeni, ambaye Marlena alimficha kila kitu mpaka siku hiyo aliposhindwa, "umeruka mkojo ukakanyaga mavi."

"Nifanyeje, Denise?"

"Kwanza ungemwambia ukweli yule mpumbavu."

"Aanze kunionea huruma mbele ya watu? Aandae mlo wa tambi wa kuuzwa ili nichangiwe pesa, kwenye jengo la zimamoto? Nitakufa."

Denise akafikiri huku akifuta kisu. "Basi ujue hapa hawakushushi kwa kuomba. Wanakushusha kwa utovu wa adabu. Mimi nilikuwa mkuu wa kaunta ya nyama, ulijua? Mama mmoja alinirudishia nyama mara tatu, eti nikate nyembamba zaidi. Nikamwambia akitaka nyembamba kuliko hapo akailambe mashine. Wiki haikuisha, nikawa huku kwenye mikate. Cheo kimekwenda, mshahara umekwenda, na miguu yangu haijawahi kunishukuru hivyo."

Marlena hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa mtu wa maua ya waridi ya sukari. Lakini kazi yake ni kuandika juu ya keki, na siku ile kulikuwa na agizo moja lililomkodolea macho. Patty Tansey alikuwa ameagiza keki ya miaka hamsini ya mumewe: *Kwa Rick, mume wangu mpenzi*. Rick Tansey ni muuza magari. Ndiye aliyemuuzia Marlena gari lisilo na gia ya kurudi nyuma, na tangu siku hiyo Marlena haegeshi bila kwanza kufikiria maisha yake ya baadaye. Kama kuna mtu wa kutukanwa kwa krimu, ndiye huyo.

Akashika mfuko wa krimu ya buluu. Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, wenye mikia na majani: RICK, MIAKA HAMSINI NA BADO HUJUI VIKOMBE VINAKAA KABATI GANI.

Patty alipokuja kuichukua, Marlena alisimama wima akingoja hukumu. Denise alijisogeza karibu asikose neno. Patty akafunua boksi, akasoma. Akasoma tena. Midomo ikamtetemeka, na Marlena akaona huruma, maana Patty hakuwa amemkosea lolote.

Halafu Patty akacheka. Alicheka mpaka akaegemea rafu ya mikate, na mikate ya shayiri ikaanguka. "Nani amewaambia?" alikuwa akiuliza huku akijifuta machozi. "Nani amewaambia habari za vikombe?" Akaipiga picha papo hapo, na kabla hajafika kwenye gari mji mzima ulikuwa umeiona.

Jumamosi simu ya idara haikupumzika. Kila mwanamke wa Steadman alikuwa na mtu wa kupewa vidonge vyake, na kila mwanamume pia. *Hongera kwa kuhitimu, sasa hama.* *Mama mkwe, tumekuzoea.* *Pole kwa talaka, hata sisi hatukumpenda.* Padri wa parokia aliagiza moja ya kumuaga mpiga kinanda, akaomba maandishi yake yasionekane kwenye dirisha. Gary alitembea kati ya kaunta kama bwana harusi. Akamwekea Marlena ovataimu bila kumuuliza, akaleta habari kwamba makao makuu wamempitishia bonasi.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Wa Marlena alizaa mapacha, na yeye hana zizi.

Siku ya bonasi ndiyo siku aliyopasuka. Alimvuta Gary kwa mkono wa shati mpaka chumba cha baridi, kati ya maboksi ya siagi, akafunga mlango.

"Sikiliza, na usinikatize. Serikali inanilipia Josie kwa Bi Lorraine. Nimesema. Inanilipia kwa sababu napata kidogo. Wewe umenifanya nipate kidogo zaidi ya kidogo, na sasa hawatanilipia. Mwezi ujao napeleka karatasi za mshahara, na baada ya hapo mwanangu hana pa kukaa. Ile keki ya Rick niliiandika ili unishushe cheo, Gary! Nilitaka barua ya onyo, ukaniletea bonasi!"

Gary akawa mwekundu kuanzia shingoni. Pumzi yake ilionekana hewani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?" Marlena alikuwa analia, na safari hii hakuna ambaye angeiita furaha. "Ulipata muda wa kununua maputo. Ulipata muda wa kutafuta filimbi. Ungeniuliza, Marlena, ukipata dola zaidi itakuwaje? Neno moja tu."

Mgala muue na haki mpe: Gary hakuwa mtu mbaya. Aliketi juu ya boksi la siagi, akashika kichwa, kisha akatoka kwenda kupiga simu. Alipiga mchana kutwa. Jioni akarudi, amelegea.

"Hawawezi kushusha. Wanasema mtu mwenye sifa nzuri hashushwi, mfumo haukubali."

"Basi nipunguzie saa."

"Mkuu wa idara sharti awe wa saa kamili."

"Basi nifukuze."

"Ukifukuzwa si huna kazi? Nimewauliza kaunti. Asiye na kazi hawamlipii mtoto. Nilikuwa nafikiri... tungeandaa tambi kule kwa zimamoto. Watu wangekuja, Marlena. Mji mzima ungekuja."

"Najua wangekuja. Wangekuja kila mwezi, mpaka Josie aanze shule?"

Hata Gary alijua watu wa Steadman hawawezi kula tambi nyingi kiasi hicho.

Basi jioni ile Marlena akaenda kumchukua Josie, na akaamua kumwambia Bi Lorraine kwamba nafasi ile itakuwa wazi. Bi Lorraine ni mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, ambaye watoto humpanda kama ngazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kitoto, magoti yakimgusa kidevu, uso umemshuka.

"Kabla hujasema lako, mama Josie, ngoja niseme langu," alisema. "Wasichana wangu wawili wameacha leo. Wamekwenda kukaanga baga kule barabara kuu. Kule wanalipwa zaidi. Siwezi hata kuwalaumu. Na watu hawa ninaowatoza wananiambia mimi ghali! Nisipopata mtu, nafunga chumba kimoja."

Marlena akasahau alilokuja kusema. "Unalipa ngapi, Bi Lorraine?"

Katika miaka yake yote alikuwa hajamuuliza mtu swali hilo. Bi Lorraine akakitaja kiasi, akiangalia chini. Marlena akakipiga hesabu kichwani, akakirudia, na kwa mara ya kwanza tangu maputo yale akatabasamu. Kilikuwa chini ya mstari. Kilikuwa chini sana. Ungeweza kupandishwa miaka mitano mfululizo usiuguse mstari hata kwa kichwa.

Ndivyo mkono bora wa bonde ulivyoacha keki. Gary alimfanyia sherehe ya kumuaga, na safari hii alikuja kwanza kumuuliza kama angependa kufanyiwa. Marlena akakubali kwa sharti taa zisizimwe. Tatizo likawa keki: hakukuwa na mwingine wa kuiandika. Akajifunga aproni mara ya mwisho, akajiandikia mwenyewe, kwa krimu ya buluu: HONGERA MARLENA KWA KUSHUKA. Watu wakacheka sana. Denise hakucheka. Alikata kipande kikubwa, akakifunga kwenye karatasi. "Cha Josie," alisema, akageuka haraka kuhudumia mteja ambaye hakuwepo.

Siku ya kwanza kazini Marlena alifika mapema, nywele kazibana, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha akina Josie.

"Siyo hapo, mwanangu," Bi Lorraine akamdaka mlangoni. "Wewe utakuwa chumba cha wachanga."

"Lakini Josie yuko huku."

"Ndiyo maana. Hawamlipii mtoto anayelelewa na mama yake. Ukikaa naye chumba kimoja, kwao hujafanya kazi, umekaa tu na mwanao. Wakaguzi wakikukuta humo, msaada unakatika. Mtenganishwe na ukuta."

Marlena akataka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Mbona hata Denise asingeweza kutunga tusi kama hilo. Akaingia chumba cha wachanga, akavaa aproni yenye bata.

Katika chumba cha akina Josie alikuwepo Candace, msichana mwembamba aliyeajiriwa wiki moja kabla yake, ambaye naye aliacha kazi ya hoteli kwa sababu zilezile. Mwanawe Candace, Micah, miezi minane, ndiye alikuwa wa kwanza kukabidhiwa Marlena. Alikuwa mzito, ananuka maziwa, na alimshika Marlena pua kama kitasa.

Kabla ya chakula cha mchana kitu kikaanguka upande wa pili. Kisha ikaja sauti ambayo Marlena angeitambua katikati ya soko.

"Mamaaa!"

Mguu wake ulishafika mlangoni kabla hajaukumbuka ukuta. Akasimama. Micah naye, aliposikia mwenzake analia, akaanza kulia na kunyoosha mikono kwenye ukuta uleule, maana sauti ya mama yake ilikuwa inasikika huko, ikisema polepole, "Njoo, mpenzi, njoo kwangu. Umeumia wapi? Nionyeshe."

Marlena akamkumbatia Micah, akampigapiga mgongo. "Njoo, mpenzi," akasema. "Njoo kwangu."

Upande wa pili Josie akanyamaza. Baadaye kidogo Micah naye akanyamaza, kidole mdomoni, kichwa begani kwa mama wa mwenzake. Candace akagonga ukuta mara moja kwa kiganja, na Marlena akagonga vilevile, kisha wote wawili wakaendelea na kazi.